MS-DOS 6.22: Naombeni msaada kusoma ripoti ya MEM, draiva zimekula kumbukumbu na mashine imegoma

FundiMwalo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina karakana ndogo hapa Mwanza. Tunachonga shafti, bushi na gia za boti na za mashine za kusaga. Kuna mashine moja ya kuchonga chuma niliyonunua mtumba, inaendeshwa na kompyuta ya 486 DX2 yenye RAM ya megabaiti 8 na MS-DOS 6.22. Ndani yake kuna kadi ndefu ya ISA (aina ya zamani ya kadi za kuchomeka) ndiyo inayotuma amri kwenye mota. Miaka yote imefanya kazi bila kunisumbua.

Wiki iliyopita nikaifungia kisoma-CD, maana flopi zimeadimika na hizi nilizobaki nazo zinasoma siku zikipenda. CD inasoma vizuri. Kasheshe ni kwamba programu ya mashine sasa haifunguki, inadai kumbukumbu haitoshi, inataka KB 560 zilizo wazi.

Nimeandika MEM /C, ile amri ya DOS inayoorodhesha nani kashika kumbukumbu kiasi gani. Kompyuta yenyewe haina USB wala mtandao, kwa hiyo nimenakili kwa kalamu kwenye daftari la wateja halafu nimechapa hapa kwa simu. Nimeandika safu ya kumbukumbu ya chini peke yake kwa sababu safu ya juu yote ni sifuri:

MSDOS 16,832
SETVER 832
HIMEM 1,168
CDIDE 11,200
KADI4X 9,456
ANSI 4,240
COMMAND 2,928
MSCDEX 27,952
SMARTDRV 29,024
MOUSE 17,088
DOSKEY 4,144

CDIDE ni draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya kisoma-CD, KADI4X ni ya kadi ya mota. MSCDEX ndiyo inayoipa CD herufi ya D:, SMARTDRV ni akiba ya kuharakisha diski, DOSKEY inakumbuka amri nilizochapa. Ripoti hiyohiyo huku chini inasema karibu megabaiti 5 za XMS (kumbukumbu iliyo juu ya megabaiti 1) ziko wazi. Sasa inakuwaje mtu mwenye megabaiti 5 mfukoni ananyimwa KB 560?

---

Kiwembe

Nilivyoona kichwa cha uzi nikadhani ni madereva wa malori. Kumbe draiva.

---

BintiHesabu

Nimejumlisha orodha yako: 124,864. Kumbukumbu ya chini ni 655,360, kwa hiyo umebakiwa na 530,496. Programu inataka 560 mara 1,024, yaani 573,440. Umepungukiwa baiti 42,944, kama KB 42 hivi. Ukiondoa MSCDEX na DOSKEY na CDIDE zote bado haifiki, ila kidogo sana (43,296 ukizitoa, samahani, inafika! kwa baiti 352).

---

Kiwembe

@BintiHesabu baiti 352 hizo ni za kuhonga nani sasa 😂

Mkuu FundiMwalo, dawa yake ni rahisi. Fungua CONFIG.SYS (faili ambayo DOS inaisoma ikiwaka), juu kabisa weka:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB

EMM386 ndiyo inayotengeneza nafasi huko juu. Kisha kila penye DEVICE huko chini andika DEVICEHIGH, na kwenye AUTOEXEC.BAT kila programu itangulize LH (yaani pakia juu). Zima, washa. Draiva zote zinapanda ghorofani, chini kunabaki kweupe. Kuhusu megabaiti zako 5, DOS haizioni moja kwa moja. Prosesa ya 8088 iliyokuwa kwenye IBM PC ya 1981 ilikuwa na waya 20 tu za anwani, mwisho wake ni megabaiti 1. Humo KB 640 wakaachiwa programu, KB 384 za juu (ndiyo hiyo ghorofa) wakapewa kadi ya skrini, BIOS na kadi nyingine. 486 yako ikiwa ndani ya DOS inajifanya bado ni mtoto wa 1981.

---

FundiMwalo

Kiwembe Mungu akubariki. Nimefanya kama ulivyosema, MEM inasoma 630,288 wazi! KB 615! Programu imefunguka. Naenda kuichonga shafti ya mteja, nitaleta mrejesho.

---

FundiMwalo

Mrejesho si mzuri.

Programu inafunguka, mchoro unaonekana, nikibonyeza mota zisogee hakuna kinachosogea. Inakaa kidogo halafu inasema kadi haijibu. Nikatoka kwenye programu, nikaandika DIR D: ili niangalie CD, kompyuta ikaganda kabisa, hata Ctrl+Alt+Del haisikii. Nikazima na kuwasha, DIR D: inasoma bila shida. Nikafungua programu, nikajaribu mota, nikatoka, DIR D: imeganda tena. Nimerudia mara tatu, ni vilevile.

Kadi imekufa? Maana kadi kama hii siipati popote.

---

Kiwembe

Hapo mimi nimefika mwisho wa reli. Jaribu MEMMAKER, yenyewe inapanga kila kitu.

---

MzeeWaFlopi

Usiguse MEMMAKER kwanza. Na kadi usiing'oe, haijafa.

Huo mchezo wa DIR D: kuganda *baada* ya kugusa mota ndio umenifanya niandike, maana mota na CD havina undugu wowote. Kama kimoja kinamuua mwenzake, basi wamewekwa kitanda kimoja. Niletee vitu viwili. Kwanza, ichunguze kadi yako au kitabu chake: kuna jampa (vibano vidogo vya kuchagulia) za anwani ya kumbukumbu? Si ile ya bandari za I/O kama 300, naulizia ya kumbukumbu, itakuwa imeandikwa kitu kama C800, D000 au D800. Pili, andika MEM /D /P. Ni ndefu, lakini nataka mstari wa MSCDEX na wa SMARTDRV peke yake, pamoja na namba ya mwanzo iliyo kushoto yenye herufi ndani yake.

---

FundiMwalo

Shikamoo mzee. Kitabu hakuna, ila kwenye kadi yenyewe wamechapa kwa rangi nyeupe "D0000" na "D8000", jampa imekaa kwenye D0000. Pembeni wameandika 16K.

MEM /D: MSCDEX inaanzia CE4A, ukubwa 27,952. SMARTDRV inaanzia D51D.

---

MzeeWaFlopi

Marahaba. Umemaliza kazi mwenyewe, mimi nakusomea tu.

Namba ya kushoto kwenye MEM /D ni anwani ya segimenti, imeandikwa kwa heksa (hesabu ya 16, yaani 0 hadi 9 kisha A hadi F), na kila hatua moja ni fungu la baiti 16. Ndiyo maana kadi imeandika D0000 (sifuri nne) na ripoti ingesema D000 (sifuri tatu). Ni mahali pamoja: D000 mara 16 ni D0000, na kwa heksa kuzidisha kwa 16 ni kuongeza sifuri moja. Hapa ndipo wengi hupotea njia, wanatafuta sifuri nne kwenye ripoti ambayo haitaziandika kamwe.

Ukubwa, kwa upande wake, umeandikwa kwa hesabu yetu ya kawaida. 27,952 gawa kwa 16 ni 1,747, na 1,747 kwa heksa ni 6D3. CE4A jumlisha 6D3 unapata D51D. Tazama, ndipo hasa SMARTDRV ilipoanzia. Kwa hiyo MSCDEX imelala kuanzia CE4A hadi ukingoni mwa D51D.

Kadi yako ni KB 16 kuanzia D000, maana yake D000 hadi D3FF. Iko tumboni mwa MSCDEX.

Kilichotokea ni hiki. EMM386 ilipoamka ilitembea kule juu ikitafuta viwanja visivyo na mwenyewe. Kadi yenye ROM hujitambulisha, mwanzoni mwake kuna baiti 55 AA. Kadi yako haina ROM, ina RAM yake ndogo ya kupokea amri, na kwa vyovyote ilikuwa kimya mpaka draiva yake iiamshe. EMM386 ikaona uwanja mtupu, ikachukua kipande cha XMS ikakitandika juu ya D000, MSCDEX ikajengewa hapo. Programu yako inapotuma amri kwa kadi inaandika D000 kama siku zote, ila amri haifiki kwenye kadi. Inaandikwa juu ya MSCDEX. Kadi haijasikia kitu, mota zimetulia, na MSCDEX imepigwa misumari kichwani. Unapokuja kuita D: unaamsha maiti.

Suluhisho ni neno moja kwenye CONFIG.SYS:

DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS X=D000-D3FF

X ni kumwambia hapo pana mwenyewe. Na KADI4X irudishe DEVICE ya kawaida, ikae chini. Siwezi kuapa kwamba itasumbua juu, lakini draiva inayoshika mota za kukata chuma sioni sababu ya kuihamishia ghorofa ili nipate KB 9.

---

BintiHesabu

"Unaamsha maiti" 😭

Mzee, na hizo namba zinaandikwa wapi hadi MEM ikazisoma?

---

MzeeWaFlopi

Mbele ya kila kipande cha kumbukumbu DOS inaweka kibao cha baiti 16. Baiti ya kwanza ni herufi M kama kuna kipande kingine mbele, au Z kama ndicho cha mwisho. Kisha namba ya mwenye kipande, ukubwa kwa mafungu ya 16, na kwa DOS ya 4 kuja juu, jina lake. MEM inaruka kutoka kibao hadi kibao na kukuandikia inachokikuta. Ndiyo maana programu ikiandika pasipo pake na kuharibu kibao kimoja, DOS inasimamisha kompyuta nzima. Mnyororo umekatika, haijui kinachofuata.

(Faili za EXE nazo zinaanza na MZ. Hizo ni herufi za Mark Zbikowski wa Microsoft.)

---

FundiMwalo

MOTA ZINASOGEA. CD inasoma. Nimefungua na kufunga programu mara tano, DIR D: haigandi. Mzee unanidai soda, njoo Mwanza uichukue, na sato juu.

Nimeitoa SETVER kabisa kwa kuweka REM mbele ya mstari wake ili urukwe, programu haikulalamika. Ila kuna kitu kinanikera kwenye ripoti mpya. Vyote vimepanda isipokuwa KADI4X (niliyoiacha kwa makusudi) na MOUSE. MOUSE imebaki chini na baiti zake 17,088 ingawa imetanguliwa na LH. Huku mwishoni MEM inasema kipande kikubwa kilicho wazi juu ni KB 37. Yaani chumba cha 37 kipo, mgeni ni wa 17, na bado amelala sebuleni.

---

Kiwembe

Kipanya hakipendi ghorofa 😂

---

Nanga

Asalaam aleikum. Nikiwa huku Mombasa nawasoma kimyakimya tangu jana.

Ndugu FundiMwalo, MEM inakuonyesha kilichobaki baada ya mgeni kuketi. Haikuonyeshi alivyoingia mlangoni na mizigo. MOUSE.COM ukiiangalia kwa DIR utaiona ni kama KB 56. Ikiingia hushika nafasi yote hiyo, hukagua kipanya ni cha aina gani, kiko bandari ipi, kisha hutupa kilichokwisha kazi na kubakia na 17. Nafasi ya kuingilia ndiyo inayoamua kama itapanda, si nafasi ya kukalia.

Sasa tazama viwanja vyako. X ya mzee imekata ghorofa vipande viwili: C800 hadi CFFF, KB 32, na D400 hadi EFFF, KB 112. Umepakia CDIDE, ANSI, MSCDEX, SMARTDRV, halafu ndiyo MOUSE. Ilipofika zamu yake kile kipande kikubwa kilikuwa kimebaki KB 41 na kile kidogo KB 32. Hakuna mlango wa kupitisha 56. LH haikupigii kelele, inakishusha kipanya chini kimyakimya na kuendelea na safari.

Basi kwenye AUTOEXEC.BAT kitangulize MOUSE, kisha MSCDEX, kisha SMARTDRV, DOSKEY mwisho. SMARTDRV nayo ina KB 45 za kuingilia lakini itapata nafasi. Wala usiiweke kabla ya MSCDEX, kwani haitaikumbatia CD kwenye akiba yake. Na huna haja ya kuiwekea LH, hupanda yenyewe.

---

BintiHesabu

Nimeipiga kwenye karatasi, inakubali. KB 112 ni 114,688. Toa CDIDE na ANSI: 99,248. MOUSE inaingia na 56, inabaki na 17,088: 82,160. MSCDEX: 54,208. SMARTDRV inahitaji kama 45, inapita, inaacha 25,184. DOSKEY: 21,040. Chini zinabaki MSDOS, HIMEM, EMM386, KADI4X na COMMAND. @FundiMwalo EMM386 ripoti inasema ngapi?

---

FundiMwalo

4,144. Na umepatia, baada ya kubadilisha mpangilio MEM inasema 620,832 wazi. Kabla yake ilikuwa 603,744.

---

Nanga

Sasa niseme la moyoni, na mzee anisamehe.

Hiyo 603,744 ilikuwa inatosha. Programu ilitaka 573,440. Tumeshughulika na kipanya kwa sababu kilitukera, si kwa sababu kazi ilikihitaji kiwe juu. Nami nimeshiriki.

Mimi ningeuliza swali jingine kabisa kwenye ile ripoti ya kwanza. Humu nani anafanya kazi wakati chuma kinakatwa? Kisoma-CD? Hapana, michoro inanakiliwa kwenye C: mara moja na CD inapumzika. DOSKEY? Hapana. ANSI? Rangi za maandishi. Basi wapeni ruhusa waondoke. Tangu DOS 6.0, CONFIG.SYS inaweza kuwa na menyu:

[MENU]
MENUITEM=MASHINE,Kazi ya mashine
MENUITEM=CD,Kunakili michoro
MENUDEFAULT=MASHINE,10

[MASHINE]
DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DOS=HIGH
DEVICE=C:\KADI\KADI4X.SYS

[CD]
DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DOS=HIGH
DEVICE=C:\CD\CDIDE.SYS /D:CD001

Kwenye AUTOEXEC.BAT unaweka GOTO %CONFIG% na vituo viwili, :MASHINE na :CD. Cha mashine kinapakia MOUSE peke yake. Cha CD kinapakia MSCDEX na SMARTDRV. Njia za faili badilisha kulingana na zako.

EMM386 haipo popote. Hilo ndilo nilitakalo. EMM386 huigeuza prosesa ifanye kazi katika hali ya 8086 bandia, na kila katizo la saa au la kadi linapitia mikononi mwake kwanza. Kwa kuandika barua huoni tofauti. Kwa mota inayohesabu mapigo, mimi sitaki mtu katikati.

---

MzeeWaFlopi

Nikusamehe nini, umesema kweli. Mimi niliulizwa maiti amekufaje, nikajibu hilo.

Ila nitetee kidogo upande wangu. Kuna watu programu zao zinataka kumbukumbu na CD kwa pamoja, hao hawana njia ila X na kuhesabu. Wengine wana kadi mbili tatu za ISA na hawajui zinakaa wapi. Kwa hao, MSD, programu ya uchunguzi iliyokuja na DOS 6, ina ukurasa wa ramani ya kumbukumbu kutoka A000 hadi FFFF, angalia kabla ya kuweka EMM386, si baada. Na sababu ya kukataza MEMMAKER pale juu: ukichagua mpangilio wa kujipangia mwenyewe inakuuliza kama ikague kumbukumbu ya juu kwa nguvu, ukikubali inaandika HIGHSCAN kwenye mstari wa EMM386, na hapo inanyang'anya hata viwanja ambavyo kwa kawaida ingeviheshimu. Aliyekwisha kuharibikiwa aandike MEMMAKER /UNDO, faili za zamani zimehifadhiwa. Kompyuta ikigoma kuwaka, bonyeza F5 inapoandika inaanza MS-DOS, itaruka CONFIG.SYS yote. F8 itakuuliza mstari kwa mstari, na hiyo ndiyo ninayoipenda, unaona ni draiva ipi inayokata pumzi.

---

FundiMwalo

Wakuu nimeweka menyu ya Nanga. Upande wa MASHINE, MEM /C yote hii hapa:

MSDOS 16,832
HIMEM 1,168
KADI4X 9,456
COMMAND 2,928
MOUSE 17,088

Wazi: 607,888. Yaani ni zaidi ya ile 603,744 ya kwanza tuliyoipata na EMM386 na hesabu zote zile 😂

Shafti ya mteja imetoka. Kijana wangu wa karakana hajui DOS, anawasha, anahesabu sekunde kumi, inaingia yenyewe.

---

Kiwembe

Na mimi niliyeanzisha vurugu za EMM386 sipewi hata maji?

---

FundiMwalo

Utapewa mgongo wa sato 😂

---

KichwaChaTreni

Samahani kuingilia, uzi umenikumbusha kompyuta ya duka letu, nayo ni DOS 6.22, tunatunzia hesabu za zamani. Nimeandika MEM sasa hivi. Nyie wote mnasema kumbukumbu ya chini ni 655,360. Yangu inasema 653,312. Ni RAM mbovu?

---

BintiHesabu

Tofauti ni 2,048. KB 2 kamili.

---

MzeeWaFlopi

RAM mbovu haiibi KB 2 kamili kutoka kileleni. Kuna BIOS zinazojichukulia KB 1 hapo juu kwa shughuli zake, hao wanaona 654,336, na kuna wanaochukua zaidi. Hiyo ni halali. Lakini 653,312 ni namba ninayoijua vizuri toka enzi hizo. Virusi vya sekta ya kuwashia (sehemu ya diski inayosomwa kwanza) kama Stoned, na Michelangelo vilivyotia watu hofu Machi 1992, vinajificha hapohapo: vinapunguza jumla kwa KB 2 na kukaa kwenye nafasi hiyo ili DOS isiviguse. Kwenye orodha ya MEM /C huvioni kwa sababu viliingia kabla ya DOS.

Kutofautisha ni rahisi. Tafuta flopi ya kuwashia iliyotengenezwa kwenye kompyuta *nyingine* safi, ifungue kile kitundu cha kuzuia kuandikwa, washa nayo kompyuta ikiwa imezimwa kabisa (si Ctrl+Alt+Del), kisha MEM. Ikibaki 653,312 ni BIOS yako, lala usingizi. Ikirudi 655,360 njoo uniambie, na kabla ya hapo usiandike amri yoyote ya kurekebisha diski.

---

KichwaChaTreni

Nimepata flopi kwa jirani. Imerudi 655,360.

---

MzeeWaFlopi

Basi zima. Flopi zote zilizowahi kuingia kwenye hiyo kompyuta zitenge, weka kwenye mfuko mmoja, usimwazime mtu. Halafu niambie: hesabu za duka zina nakala mahali pengine?